Mawe Yenye Pumzi

Hakuwa na glavu, hakuwa na viatu vya majini, hakuwa na miwani isiyovuja. Mapezi ya kuogelea ndiyo hakuwahi kuyamiliki kabisa, na kwa sababu hiyo wenzake walimwita Pezi, wakacheka mpaka jina likamganda. Asubuhi hiyo hata mkono wa kulia haukuwa wake tena. Mdudu aliyejificha kwenye tundu la jiwe alilokuwa aking'oa baharini alikuwa amemchoma, na kiganja kilikuwa kimevimba kama mpira.

Mawe hai, yale yaliyong'olewa mwambani pamoja na viumbe wake, yalifunikwa magunia mabichi yakawekwa mbele ya gari, kwenye kiyoyozi, kando ya dereva. Pezi alipanda nyuma, juani, juu ya lundo la mawe makavu.

"Kaka, nipitishe hospitali kwanza," aliita dirishani. "Mkono unaniwaka mpaka kwapani."

"Mawe haya yanapumua, Pezi. Yakifia njiani, tajiri atanimeza mzimamzima."

"Na mimi sipumui?"

"Wewe una mdomo wa kulalamika. Jiwe halina."

Ofisini kwa tajiri huyo, mkurugenzi wa kampuni, tangi jipya la kioo lilichukua ukuta mzima wa mapokezi. Mawe makavu yalitakiwa yakae chini, yawe msingi. Mawe hai yakae juu yake, ili uhai wake ushuke taratibu na kuyaenea yale yaliyokufa. Katibu alimkumbusha mkurugenzi kwamba fundi wa tangi alishauri maji yaachwe kwanza wiki kadhaa yakomae, ndipo viwekwe viumbe hai.

"Wageni wangu wanakuja Ijumaa. Niwaonyeshe maji matupu?" Akamgeukia Pezi. "Ingiza mkono upange. Mbona umekunja uso kama mtu aliyenyimwa urithi?"

Pezi akauzamisha mkono kwenye maji ya chumvi. Akapanga jiwe moja baada ya jingine, meno yameumana, mpaka la mwisho. Alipofika hospitali jua lilikuwa limezama. Daktari hakuzungusha maneno: angaliwahi, mkono ungalipona.

Siku aliyorudi ofisini, mkono uliishia kwenye bandeji, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Mapokezi yalinuka uozo. Mawe hai yalikuwa yamepauka, yamevaa utando mweupe.

"Umeniletea maiti," mkurugenzi alisema.

"Yalifika mazima, mzee."

"Yakafika, yakajinyonga?"

Katibu alicheka, kisha akainamia mashine yake.

"Nipe hata kazi ya kufagia, mzee. Nina watoto."

Mkurugenzi aliitazama bandeji. "Kwenu nani mwingine anazamia?"

Uso wa Pezi ukachangamka. "Mdogo wangu, mzee. Hodari kunishinda mimi."

"Mikono yake yote ipo?"

"Ipo, mzee."

"Vizuri. Katibu, mwandikie huyo mdogo mtu. Alete mawe mengine, hai, haraka. Huyu tumemalizana naye."

Barua ikapigwa chapa, ikakunjwa. Bahasha ilikuwa inateleza juu ya meza ya kioo.

"Nishikilie hapo, kaka," katibu alisema.

Pezi akaikandamiza kwa bandeji. Katibu akapaka gundi, akabana ukingo kwa rula, akagonga mhuri mara mbili. Kila pigo lilipanda mpaka begani kwa Pezi, naye hakuondoa mkono.

"Si unarudi hukohuko?" mkurugenzi aliuliza, macho kwenye tangi. "Mpelekee. Na usiiloweshe."

Katibu akaichomeka bahasha kwenye mfuko wa shati la Pezi, akamfungulia mlango.