Kisu Kilichonyooshwa

Mdogo wangu Ruffin ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Picha ukutani, mguu wa kiti, hata maneno ya mtu anayeomba kanisani, vyote lazima avinyooshe. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Huyu aliachwa mpaka akakauka.

Jumapili nilirudi kutoka misa nikamkuta baba barazani, kidole kimefungwa kitambaa kilicholowa damu. Ruffin alikuwa amesimama mbele yake, ameshika kisu cha baba, kile cha kukunja chenye mabapa mawili, kubwa na dogo, yanayolala pamoja ndani ya mpini.

"Yaya, papa amejikata," akaniambia mimi dada yake mkubwa. "Alitia mukono mu mufuko, kisu ikamukata. Macho haioni tena. Hii kisu nitaiweka ku nyumba yangu. Weye utakuwa unamumenyea muhogo, unamukatia muwa. Basi."

Nilimtazama baba. Mzee Augustin haoni tena, lakini alikuwa ajusteur, fundi wa kukalisha vyuma mahali pake, katika karakana za migodi, huko Panda, mpaka alipostaafu. Tangu mama afariki hujimenyea muhogo wake mwenyewe, hujikatia muwa wake mwenyewe, na ole wako umshikie mkono. Kumnyang'anya kisu ni kumwambia akae tu angoje kufa. Naye alikuwa ameweka mikono mapajani kama mtoto aliyeadhibiwa, na hicho ndicho kilichonichoma.

"Leta hapa."

"Yaya, si nimekuambia..."

"Leta kisu, Ruffin!"

Nikakifungua. Bapa kubwa likatoka likikwaruza lile dogo. Nikalifunga. Likapanda juu ya mwenzake, likagota, makali yakabaki yametokeza nje ya mpini. Kumbe baba alilisikia limegota, akadhani limelala, akatia kisu mfukoni. Nikalifungua tena nikaliangalia vizuri. Karibu na shingo, pale bapa linapoingia kwenye mpini, kulikuwa na alama mpya za nyundo.

"Nani alipiga hii?"

"Minye," Ruffin akajibu, bila hata haya. "Jana. Lame, hii bapa kubwa, ilikuwa ya kupinda, yaya, kabisa! Niliinyoosha ku ngazi ya simenti. Nilimusaidia papa."

"Ulimusaidia! Ulimuuliza?"

"Kitu ya kupinda, utauliza nini?"

Ndipo baba akafungua mdomo.

"Minye mwenyewe njo niliipindaka zamani," akasema taratibu. "Lame mbili mu nyumba moja. Moja inapinda kidogo, inaachia mwenzake nafasi. Ukizinyoosha zote, zinagombana."

Nilimgeukia Ruffin nikamwambia maneno ambayo mtu aliyetoka kupokea komunyo hapaswi kuyasema. Sijayatubu. Amemkata baba yetu kwa ujuaji wake, kisha anasingizia macho yake!

Baba aliinuka, akapapasa ukuta mpaka nyuma ya nyumba. Eto yake, ile ya kubania vyuma, bado imefungwa kwenye meza ya mbao. Akaniambia niweke vipande viwili vya shaba kwenye meno yake, yasije yakauma chuma. Nikabana bapa kubwa.

"Ku shingo, mama," akasema. Ndivyo anavyoniita. "Ku shingo iko laini. Ku ncha itavunjika."

Nikashika mpini. Nikaukaza mpaka meza ikalia.

"Uko na hasira."

"Niko nayo, papa."

"Basi vuta nayo polepole."

Nikavuta. Nikampa kisu, akakifungua, akakifunga karibu na sikio. "Bado." Nikabana tena, nikavuta kidogo. "Bado." Ruffin alikuwa nyuma yetu akinung'unika kwamba kisu kipya hata sokoni kipo. Nikavuta tena, kidogo sana. Safari hii bapa lilipita kando ya mwenzake bila kukwaruza, likashuka mpaka chini. Ta!

"Ruffin," baba akasema, "leta kidole."

"Ya nini, papa?"

"Leta."

Alikikamata kidole cha mwanawe, akakipitisha polepole juu ya mpini wa kisu kilichofungwa, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ruffin alifumba macho.

"Inakukata?"

"Hapana, papa."

"Jana ilikuwa ya kukata. Na weye uko na macho."

Baba akatia kisu mfukoni, akatia na mkono wake humo humo, kisha akaniuliza muwa wake uko wapi.