Shahidi wa Koridoni

Muuguzi alinitambua kwa jagi. Lilikuwa jagi la plastiki la rangi ya machungwa, mfuniko wake ulishapotea zamani, nami nilikuwa nimelichukua nyumbani bila kufikiri, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na mlango. Mimi na dada yangu tulikuwa tunaingia wodini kumwona mama mdogo, kwa kuchelewa, saa ya kuona wagonjwa imebaki nusu. Muuguzi akasimama mbele yetu na trei ya dawa, akanitazama, akalitazama jagi, kisha uso wake ukalainika.

"Wewe si yule kaka wa mwaka jana? Mama yako alipofariki ulikuwa pale bombani koridoni, na jagi hili hili. Nilikuita mara mbili hukusikia. Siku ile sikuwahi hata kukupa pole. Pole sana."

Akaenda zake, ana vitanda vya kuhudumia. Hakujua amebomoa nini.

Dada yangu aliuhamisha mfuko wa nguo kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Yeye ndiye mkubwa wetu, mwalimu wa hesabu, na akikasirika husema polepole.

"Bombani," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Ulituambia ulikuwa umemshika mkono."

Sikupata pa kuuweka uso wangu.

Mimi ni mchunguzi wa madai katika kampuni ya bima. Nasoma maelezo ya watu waliogongana magari, natafuta mahali wanapodanganya, napiga mstari kwa penseli nyekundu. Nyumbani walinibandika jina la Thibitisha tangu ujana, kwa sababu hata nikiambiwa chakula kiko mezani nilikwenda kuangalia kwanza. Nililipenda jina hilo kupita kiasi.

Miaka mitatu iliyopita niliichukua Biblia ya mama nikaifanya kama faili la ofisini. Mama alikuwa mshonaji, na kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, alisoma ukurasa mmoja kwa sauti, mguu wake tayari uko juu ya pedali. Nilichora jedwali la ile asubuhi ya kaburi tupu la Yesu, kama Injili nne zinavyoisimulia. Shahidi mmoja anamtaja mwanamke mmoja, wa pili wawili, wa tatu watatu, wa nne kundi zima. Malaika ni mmoja. Hapana, ni wawili. Ameketi nje juu ya jiwe. Hapana, yumo ndani. Na Yuda naye amekufa vifo viwili. Nilimpelekea mama karatasi ile nikiwa nimevimba kichwa.

"Mama, hawa wanne wangekuja ofisini kwangu, faili lao ningelifunga kabla ya chai."

Aliisoma yote, kidole kikifuata mstari. "Lakini si wewe unayesema kila siku kwamba wanaofanana neno kwa neno ndio waliokaa meza moja wakapanga uongo?"

"Hayo ni ya magari, mama."

Akacheka, nami nikacheka, nikaondoka nikijiona nimeshinda. Sijabadili mawazo kuhusu jedwali lile. Nilichokiona bado nakiona, na kama kuna mtu anayengoja niseme nilipotea njia, atangoja sana. Lakini tangu siku ile cherehani ilianza kulia asubuhi bila kutanguliwa na sauti ya kusoma. Nilikuwa naishi chumba cha pili. Nilisikia tofauti hiyo tangu siku ya kwanza, nikajitia hamnazo.

Halafu mama akaugua, akaletwa wodi hii, kitanda cha dirishani. Mchana wa mwisho tulikuwa wawili tu. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala, mara akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kwa hiyo marehemu baba yenu sitamwona?"

Hakunilaumu. Angenilaumu ningejua la kusema. Aliniuliza kama mtu anavyomuuliza fundi kama saa yake bado inatengenezeka, kwa kuamini kwamba fundi anajua. Nami Thibitisha, mwenye jawabu la kila kitu, nikageuza macho. Nikalitazama jagi. Lilikuwa na maji nusu. Nikasema, "Ngoja nikakuletee maji, mama," nikatoka. Pale bombani nililiacha jagi lijae, likafurika, maji yakanimwagikia mikononi hadi kwenye viwiko, na sikufunga. Niliporudi wauguzi walikuwa wameshavuta pazia.

Ndugu zangu walifika wakanikuta mlangoni. Wakauliza alikwendaje. Nikasema aliomba kidogo, akatabasamu, nami nilikuwa nimemshika mkono. Vitu vitatu tu. Niliwaambia nikiwa na mikono iliyolowa.

Mama mdogo, mdogo wake mama wa mwisho, ndiye aliyeyachukua maneno hayo akayatembeza. Alinifuta machozi nayo, akawasimulia wajukuu, akayapeleka kanisani. Mwezi wa pili mama akawa ameimba. Kabla mwaka haujaisha nuru ikaingia dirishani ikatua juu ya uso wake, ilhali dirisha lile linatazama ukuta wa chumba cha kufulia, na jua halijawahi kupita hapo. Nilizoea kusema kwamba ndivyo Maandiko yalivyonona, mdomo kwa mdomo, kila mtu na chumvi yake. Sasa nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, yakianzia kinywani mwangu. Katika hesabu zangu zote sikuwahi kufikiri kwamba pale mwanzo kabisa huenda alisimama mtu mwenye aibu.

Na siku hii, pale koridoni, dada alikuwa anangoja. Nikamweleza. Swali la mama, jagi, bomba. Aliegemea ukuta, akawa anavuta pumzi kwa kinywa kama mtu aliyepanda ngazi.

"Ingekugharimu nini kumwambia atamwona?"

"Ningekuwa namdanganya."

"Ukaja kutudanganya sisi." Akajipangusa uso kwa upindo wa kanga. "Haya, sikia. Mama mdogo kesho asubuhi anaingia chumba cha upasuaji. Hadithi yako ndiyo anayoishikilia. Usithubutu kuigusa. Umenisikia, mdogo wangu? Ya kwetu wawili tutayamaliza nyumbani."

Nilimsikia. Nilikusudia kumtii.

Mama mdogo alikuwa ameketi akiegemea mito miwili, dripu mkononi, amesinyaa kuliko nilivyomwacha juzi. Alipotuona akaanza utani wake. "Thibitisha amefika! Njoo unipime kama bado niko hai, usije ukaambiwa tu."

Tukacheka. Nikaliweka jagi juu ya kabati la kando ya kitanda. Akaninyooshea kidole nisogee.

"Hebu nisimulie tena dada yangu alivyokwenda."

"Umeshaisimulia wewe kuliko mimi, mama mdogo."

"Najua. Natia chumvi, nisamehe, mimi bila chumvi siwezi kusema." Akashusha sauti. "Leo naitaka bila chumvi. Nitakwambia kitu, na dada yako asikasirike. Yeye angenisimulia, ningesema huyu anajipa moyo. Mchungaji angenisimulia, ningesema ndiyo kazi yake. Lakini wewe huamini chochote. Mtu kama wewe akisema alimwona anatabasamu, basi alitabasamu. Mwaka mzima mimi nimekuwa nakuamini wewe, mwanangu."

Ofisini tunamthamini sana shahidi wa namna hiyo, yule asiye na faida yoyote katika anachokisema. Faili lake halipigwi mstari. Nilimtazama dada. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu sana: usithubutu.

"Mama mdogo," nikasema, "sikuwepo."

"Hukuwepo wapi?"

"Pale kitandani. Nilikuwa bombani. Sijui kama alitabasamu. Sikumwona. Niliyatunga, kwa sababu niliona aibu."

Dada alitamka jina la Mungu, akageukia dirishani, kwenye ule ukuta wa chumba cha kufulia. Mama mdogo akaivuta shuka hadi kifuani.

"Kwa nini aibu?"

"Aliniuliza kama atamwona baba."

"Ukamjibuje?"

"Sikumjibu. Nilikwenda kuchota maji."

Nilitarajia alie, au anifukuze. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu pekee alichokuja nacho wodini, usiku wa kuamkia kisu, na mara hii sikuwa na jedwali la kujificha nyuma yake. Alinitazama usoni. Macho yake ni ya mama kabisa, na sijui kwa nini sikuwahi kuliona hilo.

"Basi nijibu mimi," akasema.

Jagi lilikuwa tupu pale kabatini. Mkono wangu ulishafika kwenye kishikio chake cha plastiki kabla sijauona ukienda. Dada aligeuka, akauona. Bomba lilikuwa hatua kumi tu, na kwa jagi tupu hakuna ambaye angenilaumu.

"Sijui, mama mdogo," nikasema. "Kweli sijui."

Nikaliachia jagi, nikavuta kiti, nikakaa. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia koridoni, watu wa vitanda vingine wakaanza kuaga na kukusanya vyombo vyao. Mama mdogo akautoa mkono wake usio na dripu chini ya shuka, akauweka ukingoni mwa kitanda, upande wa kiti changu, kiganja juu.