Kikao cha Jicho la Kulia

Chumba chetu cha Al Barsha, Dubai, kina vitanda vitatu vya ghorofa, wanawake sita na katiba moja. Katiba niliiandika mimi, Emiliana, katibu, kwa sababu mwenyekiti wetu, Mercyline wa Kenya, haamini kwamba watu sita wanaweza kutumia friji moja bila katiba. Tunakutana kila baada ya wiki mbili, Ijumaa saa tisa alasiri, kabla watu wa zamu ya jioni hawajaondoka. Tumeshajadili friji, pasi, kelele za simu, na mchumba wa Joha, ambaye kikao kilimkataa kwa kura nne dhidi ya moja. Joha alilia siku mbili, kisha akamwacha.

Ijumaa ile ajenda namba tatu ilikuwa kichwa changu.

Nina uvimbe nyuma ya jicho la kulia. Si saratani, lakini unakua, na pale ulipo hakuna daktari anayetaka kupeleka kisu. Dokta Thamer wa hospitali ya Oud Metha alinipa njia mbili za mionzi, na bima inazikubali zote. Ya kwanza ni ya siku moja: dozi kubwa, unaingia asubuhi, unatoka, khalas. Ya pili ni dozi ndogondogo mara thelathini, siku tano kwa wiki, wiki sita. Kwa kuuzuia uvimbe, zote ni sawa. Ila uvimbe uko milimita tatu tu kutoka kwenye neva ya jicho, na neva haipendi dozi kubwa.

"Hatari ni ndogo," alisema. "Lakini jicho likipotea halirudi."

Kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini ishirini na nne za kamera za ulinzi kwenye jengo la maduka, nikiangalia watu wakijaribu miwani wasiyonunua. Macho ndiyo cheti changu pekee.

"Uamuzi ni wako," dokta akasema.

"Nitaupeleka kwenye kikao."

"Kikao cha madaktari?"

"Cha chumbani."

Akaandika kitu kwenye kompyuta. Sikumuuliza ni nini.

Kwenye kikao nilieleza njia zote mbili, nikaongeza kwamba dokta hataki nisafiri peke yangu, kwa sababu ya kizunguzungu. Hapo ndipo nilipoharibu. Wote wakaanza kupiga hesabu kimyakimya. Kwenda Oud Metha kwa metro na kurudi, pamoja na kusubiri, ni nusu siku ya mtu. Mara thelathini.

"Mimi naona hiyo ya siku moja," Mercyline alisema. "Jino linang'olewa mara moja. Huwezi enda kwa dentist mara thirty juu ya jino moja."

Hakuna aliyesema kwamba ubongo si jino.

"Na jicho lake?" akauliza Joha, Mzanzibari wetu wa saluni.

"Daktari amesema risk ni kidogo."

"Kidogo kwake yeye, shoga. Jicho si lake."

Ikapigwa kura. Wanne wakanyoosha mikono, Joha akabaki ameikunja yake. Mimi sikuwa na kura. Kifungu cha saba kinasema katibu hapigi kura, ili aandike bila upendeleo. Nilikitunga mwenyewe, na siku nilipokitunga nilikisifia sana.

Ningeweza kusema. Kichwa ni changu. Lakini kusema nataka ya thelathini maana yake ni kuwaomba watu waliochoka wanipe mapumziko yao, mara thelathini, huku nikiwatazama usoni. Mashine sikuiogopa. Niliogopa kuomba, na niliogopa kupofuka. Kila siku niliziba jicho la kushoto kwa kiganja nikasoma maandishi ya kopo la maziwa kwa la kulia. Nililisoma lote, hadi anwani ya kiwanda. Nina ndugu ambao siwapendi kama ninavyolipenda jicho lile.

Siku moja kabla ya kikao kilichofuata, nikakaa kitandani kuandika kumbukumbu. Nilipofika ajenda ya tatu nikaandika: "Kikao kiliazimia katibu apigwe mionzi mara thelathini, na wajumbe wamsindikize kwa zamu." Nikairudia kuisoma. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Ijumaa nikazisoma kumbukumbu kwa sauti yangu ya siku zote, ile inayomlaza Martina, anayefanya usafi hotelini tangu alfajiri. Ajenda ya kwanza, pasi. Ya pili, nywele kwenye bomba la bafu. Ya tatu nikaisoma bila kuongeza mwendo. Martina, macho yamefumbwa, akapendekeza zithibitishwe. Hupendekeza kila mara, ili kikao kiishe.

"Nani anaunga mkono?" Mercyline akauliza.

Joha alikuwa ananitazama. Kisha akaanza kukagua kucha zake.

"Mie naunga mkono," akasema.

Mercyline akatia saini bila kusoma. Tukaingia kwenye yatokanayo na kumbukumbu.

"Ajenda namba tatu," nikasema. "Wasindikizaji. Thelathini."

"Thirty?"

Mercyline akalivuta daftari. Akasoma, akasoma tena, akaiangalia saini yake. Huyu ndiye aliyewahi kumwonya Martina kwa kusema bila kunyoosha mkono, siku Martina alipotuarifu kwamba jiko linaungua.

"Katibu. Tuliamua hivi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mwenyekiti."

Akanirudishia daftari.

"Si ungetuambia tu, Emi," akasema polepole. "Kwani sisi ni watu wa kuogopwa?"

Niliona aibu kuliko siku yoyote niliyokaa Dubai.

Akawageukia wengine. "Minutes zikishapita, zimepita. Katibu, andika. Jumatatu, mwenyekiti."

Jumatatu ndiyo siku yake pekee ya kulala.

"Jumanne mie," Joha akasema.

Martina akafumbua macho, akauliza tunagawana nini. Akaambiwa. Akachukua Jumatano, akasema hata kwenye metro mtu analala.

Nikaandika. Mistari ilikuwa inacheza, na macho yote mawili hayakuona vizuri, kwa sababu ambayo haimo kwenye ripoti ya Dokta Thamer.