Fatiha ya Paa la Soko

Boti ya kuvuka kutoka kisiwani kwenda Ankify, bara, ilikwisha kung'oka gatini Hell-Ville, na sauti ya Koulsoum bado inamfuata Mikidache majini. Mama huyo hakutukana. Aliinua debe tupu, akaligonga kwa kiganja.

"Ulitwambia tukuchague, maji yaje Ambanoro. Haya, nenda kayatafute Mahajanga."

Mikidache, diwani wa kijiji chao, alikwenda kweli, kwa hasira. Mwaka uliopita fedha za baraza hazikutosha bomba la Ambanoro na paa la soko la mjini kwa pamoja. Diwani mwenzake wa mjini, Allaoui, akamwita kwake, akamlisha wali na pweza wa nazi, wakapatana: mwaka huu kura zao kwa paa, mwaka ujao kwa bomba. Wakainua mikono, wakasoma Fatiha. Kwa watu wao, jambo likishasomewa Fatiha limekwisha, halifukuliwi.

Sasa paa lipo. Allaoui kajiuzulu, kahamia Mahajanga kuuza vitambaa, na aliyeshika kiti chake anasema yeye hakusoma Fatiha na mtu. Kikao cha bajeti kimebakiza siku tisa.

Alimkuta Allaoui dukani anapima kitambaa. Aliambiwa kaa, hakukaa. Alitaka warudi pamoja wakaseme barazani, au walau barua, madiwani wajue walichopatana. Allaoui akacheka kidogo, akasema ile Fatiha ilikuwa yao wawili, baraza halikuwamo.

"Tulisoma ili tusigombane, ndugu yangu. Tumegombana?"

"Watu wangu wanakunywa maji ya chumvi."

"Na ulipoinua mikono, uliwauliza?"

Hakuwauliza. Aliogopa wangekataa. Akatoka bila kuaga, hasira imemgeukia mwenyewe, na hasira ya namna hiyo huna pa kuitua.

Aliporudi aliwaambia wanawake wote, uani kwa Koulsoum, bila kuficha neno. Koulsoum alimsikiliza hadi mwisho.

"Uliitikia amina kwa maji yetu," akasema. "Wali ukala peke yako."

Bajeti ilipita bila bomba. Uchaguzi uliofuata Mikidache aliangushwa. Akahamia Katsepy, akauza samaki wakavu, akafia huko. Allaoui alipanua duka. Koulsoum aliingia barazani, akapewa nusu ya bomba, nusu ikaahirishwa. Paa la soko lilichukuliwa na kimbunga. Maji yalifika Ambanoro Koulsoum keshakuwa kipofu.