Cherehani Mkekani

Msiniambie nipunguze sauti! Mimi, Moza, nimekwenda mwaloni kumnunulia mume wangu sato wabichi kutoka kwa wavuvi, narudi nakuta pembe ya chumba iko tupu. Cherehani hakipo! Jirani yangu Josepha akaniambia, "Dada, mumeo Salehe amekipakia kwenye mkokoteni. Amekipeleka kwenye ugawaji."

Ugawaji wenyewe ulikuwa jambo zuri, sikatai. Uhuru ulikuwa wiki ijayo, na sisi akina mama wa Mirongo tukasema bendera mpya isimkute mtu amevaa matambara. Tukatandika mikeka uwanjani. Mwenye cha ziada alete, mwenye shida achukue, bila kulipana wala kuulizana. Ukikitupia kitu kanga yako, au kofia kama ni mwanamume, ni chako. Aliyetoa haruhusiwi kukichukua tena. Sasa jamani, cha ziada! Cherehani nilichokipata kwa kushona mashati ya watu kwa mkono mpaka vidole vikatoka damu, hicho ndicho cha ziada?

Najua alichokuwa anakitafuta. Salehe anautaka uenyekiti wa mtaa. Wenzake walitoa sufuria na viatu, yeye akataka kuwaacha watu midomo wazi.

Nilifika uwanjani samaki wangali mkononi. Salehe amesimama mbele ya mkeka, kifua mbele. "Ndugu zangu, kwa ajili ya Uhuru nimetoa cherehani changu!" Watu wakampigia makofi. Hasira ikanipanda mpaka nikaona giza.

"Chako?" nikamwuliza. "Tangu lini wewe ukajua hata kutunga uzi kwenye sindano?"

"Mke wangu, usiniaibishe mbele za watu," akanong'ona. "Aliyetoa hachukui tena. Si mliweka sheria wenyewe?"

Kweli tuliiweka. Nikamtazama Bi Mwanaharusi, msimamizi wetu, naye akainamisha macho. Pale kando Adventina, mke wa karani, alikuwa anaivua kanga yake mabegani polepole, huku amekikodolea macho cherehani changu. Na nyumbani kwake anacho kingine, kizima kabisa!

Niliwaachia sato wakaanguka mavumbini. Nikaivua kanga yangu, nikairusha. Ikatua juu ya cherehani, ikakifunika chote.

"Moza! Unafanya nini?" Salehe akafoka.

"Nina shida ya cherehani. Nimechukua."

"Lakini kimetolewa na nyumba yetu!"

"Hukusema nyumba yetu. Umesema umetoa wewe, cha kwako, na watu wamekupigia makofi. Mimi sikutoa kitu. Bi Mwanaharusi, hebu tuambie, sasa cherehani ni cha nani?"

Bi Mwanaharusi akakohoa kuficha kicheko. "Ni cha Moza, mwanangu. Cha Moza peke yake."

Makofi ya safari hii hayakuwa ya Salehe. Hata Adventina alipiga, shingo upande. Nikaokota samaki wangu, nikamwambia mume wangu asukume mkokoteni, na alisukuma, kichwa chini, mpaka mlangoni.

Alipokishusha ndipo akakumbuka. "Na kanzu yangu ya Uhuru? Umeikata tu, bado hujaishona."

"Mikono unayo," nikamwambia. "Sindano nitakuazima."