Boneti Iliyogoma Kutoka

Fundi wa meno ya bandia hakuomba ruhusa ya mtu alipoanza kuunda gari la michezo. Siku ya kwanza alileta chesisi, akamwambia mkewe ni vyuma tu. Injini ilipofuata, akasema ni ya ile chesisi. Mke alipokuja kushtuka, gereji ilikuwa imeshamezwa na gari la viti viwili, jembamba kama kiatu, lenye kila kitu isipokuwa boneti.

Kisha mama mkwe akaamua kuhamia kwao, na nyumba haikuwa na chumba kingine ila hiyo gereji.

"Mama anaingia Jumamosi," mke alisema. "Gari likitoka humu limekamilika, linajiendesha lenyewe, litakaa uani chini ya turubai. Likitoka kwa kusukumwa, tutalisukuma hadi kwa mnunuzi. Tumeelewana?"

"Mm."

"Sema vizuri. Usiniitikie kama mgonjwa aliyejazwa plasta mdomoni."

"Tumeelewana, mama watoto."

Akajifungia na kazi yake. Alichonga umbo la boneti kwa povu gumu, akalifunika kwa plasta nzito. Plasta ilipokauka akalikwangua povu lote, kama anavyoyeyusha nta kazini, ikabaki kalibu: bakuli kubwa, jeupe, lililoshika kila mkunjo wa lile umbo. Akaipaka nta ndani. Kisha akatandika humo vitambaa vya nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, akivilowesha kwa resini, majimaji mazito yanayoganda yakawa magumu, na kuvigonga kwa ncha ya brashi mpaka hewa yote itoke. Kazi ilikuwa safi.

Jumamosi asubuhi shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuja kusaidia kuitoa boneti. Hakuja kwa mapenzi matupu. Alikuwa ameahidiwa boneti ya pili kutoka kalibu ileile, kwa ajili ya gari ambalo mpaka sasa alikuwa amelinunulia usukani tu.

Walivuta. Wakachomeka kabari za mbao, wakavuta tena. Shemeji alirudi kinyumenyume, akakalia ndoo.

"Shemeji, umeipaka nta au gundi?"

"Nta. Naijua nta kuliko ninavyokujua wewe."

Fundi alipiga magoti, akapitisha kidole ukingoni, na kidole kikampa jibu. Kingo za boneti zilijikunja kwa ndani, hivyo mdomo wa kalibu ulikuwa mwembamba kuliko tumbo lake. Wanaounda bodi za magari hugawa kalibu ya namna hiyo vipande viwili na kuvifunga kwa bolti ili vifunguke baadaye. Yeye alikuwa ameimwaga nzima. Hakuwahi kujiuliza itafungukaje, kwa sababu kwenye karakana yake kalibu hazifunguliwi.

Mke alichungulia mlangoni. "Mama yuko njia panda. Mbona mmeduwaa?"

"Imenasa," fundi alisema.

"Kazini meno yakinasa kwenye plasta mnafanyaje?"

"Tunavunja plasta."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Basi hapa unasubiri nini?"

"Dada!" Shemeji aliruka kutoka kwenye ndoo. "Boneti yangu imo humo!"

"Yako hata mimba haijatungwa. Kaa pembeni."

Fundi aliitazama ile kalibu, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya kwa plasta, kisha akalitazama gari. Akachukua nyundo ndogo ya kazini. Alianzia ukingoni, akigonga na kusikiliza, kama anavyofanya siku zote ili jino lisipasuke. Shemeji alifumba macho kwa kila pigo. Pande la mwisho lilipodondoka, boneti ilikuwa mbele yao nzima, laini, bila hata ufa.

Waliifunga kwa bolti, matundu yakakubaliana. Injini ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikanguruma. Gari likatoka gerejini lenyewe, polepole, fundi akiwa kwenye usukani, mweupe kwa vumbi la plasta kuanzia nywele hadi viatu.

Mama mkwe alikuwa amesimama getini na begi lake. Alilizunguka gari, akaigonga boneti kwa ukucha, akatabasamu kwa meno ambayo mkwewe mwenyewe alimtengenezea.

"Inang'aa kama haya yangu," alisema. "Sasa nayo usije ukaitafunisha mifupa, kama ulivyonikataza mimi."

"Haitauma kitu kigumu, mama."

"Basi nifungulie mlango nikae."

Nyuma yao mke alikuwa ameshaburuta godoro hadi mlango wa gereji. "Mzungushe mama kidogo mtaani," aliita. "Chumba chake kimejaa plasta."

"Na mimi?" shemeji aliuliza.

Fundi alitoa kichwa dirishani. "Yako nitaimwaga vipande viwili."

"Lini?"

"Anza kwa kuchukua fagio, shemeji."