Moja Ndiyo, Mbili Hapana

Ujumbe uliingia kwenye simu ya mwanangu Felisiani nikiwa uani napeta karanga. Felisiani alikuwa na miezi minne kaburini.

Simu yake nilikuwa naichaji kila siku. Wafugaji walikuwa bado wanaipiga kuulizia dawa, na nilikuwa napenda kuisikia ikilia. Nilijifuta mikono kwenye kitenge nikasoma polepole.

"Ndugu Felisiani, mwombaji Dina Felisiani amekutaja kuwa msimamizi wake wa mazoezi kwa vitendo. Kuthibitisha, jibu 1. Kukataa, jibu 2. Usipojibu ndani ya siku 30 maombi yatafutwa."

Nilisoma tena. Halafu nikakaa chini palepale kwenye maganda.

Dina ni mjukuu wangu, mtoto pekee wa Felisiani. Mama yake alitangulia Dina akiwa bado hajaota meno, kwa hiyo nimemlea mimi. Baba yake alikuwa mtu wa mifugo aliyesajiliwa, mwenye duka la dawa za mifugo hapa Sitalike, karibu na barabara. Dina alipomaliza chuo cha mifugo alirudi nyumbani, akafanya kazi chini ya baba yake mwaka mzima, kama sheria inavyotaka. Alishika ng'ombe, mbuzi na mbwa. Alirudi nyumbani ananuka josho na hakulalamika.

Mwaka ulipokwisha aliomba usajili kwa simu, kwenye mfumo mpya. Felisiani aliusifia sana huo mfumo. "Mama, zamani mtu alisafiri mpaka makao makuu na bahasha, akalala stendi," aliniambia. "Sasa Dina ameomba akiwa amekaa kwenye kigoda chako." Maombi yalibakiza kitu kimoja tu, wamuulize yeye msimamizi kama ni kweli. Akasubiri kuulizwa. Kila jioni akishanawa miguu alikuwa anaitazama simu.

"Bado hawajaniuliza," anasema.

"Watakuuliza tu," namjibu.

Alisubiri masika yote. Kiangazi akaanza kuumwa, na hata hospitali alikuwa anaiweka simu chini ya mto. Muuguzi mmoja, Mungu ambariki, alikuwa anamchajia kwenye chumba chao. Felisiani akafa hajaulizwa. Sasa ndiyo walikuwa wanamuuliza.

Dina aliporudi kutoka kisimani nilimpa simu. Akasoma amesimama, ndoo bado iko kichwani.

"Baba angejibu kabla hawajamaliza kuandika," akasema.

Akatua ndoo taratibu, hata tone halikumwagika, akaenda nyuma ya nyumba. Sikumfuata. Kuna kulia ambako mtu anataka aachwe nako.

Hapa lazima niseme jambo moja la ukoo wetu. Mtu mzima akifa, siku ya kuondoa matanga tunamchagua wa kuchukua jina lake. Siku ile Dina alikalishwa kwenye mkeka, akafunikwa shuka nyeupe, akanyweshwa maji kwenye kibuyu, akakabidhiwa begi la dawa la baba yake. Watu wakapita mmoja mmoja kumsalimia: "Karibu, Felisiani." Hata Manyanda, Msukuma mwenye ng'ombe wengi ng'ambo ya mto, alileta debe la unga akamsalimia kwa jina hilo. Mimi nilikuwa nikimtania Dina kwa kumwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote. Tangu siku ile nikamwita mwanangu, na yeye akicheka ananiita mama.

Basi shemeji yangu Gaspar, mdogo wa marehemu mume wangu na mkubwa wa ukoo, aliposikia habari ya ujumbe alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye kiti cha mbele bila kukaribishwa.

"Bonyeza moja," akasema.

"Babu, siwezi," Dina akajibu.

"Usiniite babu. Siku hizi mimi ni baba yako mdogo. Wewe ni nani?"

Dina akatabasamu kidogo. "Felisiani."

"Simu ya nani?"

"Ya Felisiani."

"Na kidole ni cha Felisiani. Wanamuuliza Felisiani, Felisiani anajibu. Shida iko wapi? Nyie mliosoma mnapenda kutafuta mfupa kwenye maziwa."

"Nikibonyeza nitakuwa mwanafunzi na mwalimu mtu mmoja. Wakijua wananifungia maisha."

"Kwani kuna uongo? Hukufanya kazi chini yake?"

"Nilifanya."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Basi!" Gaspar akagonga fimbo chini. "Shemeji Bernadetha, sema na wewe."

Niliwatengea karanga wote wawili, maana Gaspar alikuwa amesema kweli, na Dina naye alikuwa amesema kweli. Walipoondoka niliishika ile simu. Kidole changu kilikuwa juu ya moja. Nikafikiri, nimzae Felisiani halafu nishindwe kumjibia neno moja? Nikaiangalia na mbili. Mbili ilikuwa mbaya zaidi, maana ni baba kumkana mwanawe. Nikaifunika simu kwa kawa nikaendelea na karanga.

Tukaamua kwenda Mpanda, ofisi ya mifugo, tukaseme ukweli. Tulikwenda watatu, mimi, Dina na Gaspar, na cheti cha kifo kwenye mfuko wa nailoni. Ofisini tulipokelewa na dada mmoja jina lake Hana. Kiti kilikuwa kimoja, akanipa mimi, kisha akaleta chake kutoka nyuma ya meza akampa Gaspar. Alitusikiliza amesimama.

Akafungua kompyuta. "Huyu Felisiani mwenyewe yuko wapi?" akauliza, maana kwenye kioo mwanangu alikuwa bado mzima, leseni yake hai.

"Huyu hapa," Gaspar akasema, akimwonyesha Dina kwa fimbo.

Hana akamtazama Dina, akatazama cheti cha kifo, akamtazama Gaspar. Mtu mwingine angecheka. "Mzee wangu," akasema, "hata kwetu tunarithi majina. Mimi nina jina la shangazi yangu, na watoto wake wananiita mama. Lakini leseni hairithiwi. Ilikuwa ya mikono yake, ameondoka nayo."

"Sawa," nikasema. "Basi andika kwamba amekufa, halafu mtoto aendelee."

Akabofya hapa, akabofya pale. Uso ukamshuka. "Mama, hapa kuna ndiyo na kuna hapana. Kufa hakuna."

"Hakuna?"

"Waliotengeneza hawakuweka."

Akapiga simu makao makuu kwa simu yake mwenyewe. Wakampigia muziki. Akasubiri, muziki ukaisha, ukaanza upya. Vocha ikamwishia. Akatoka nje kununua nyingine, akarudi, akapiga tena, na mara hii akapata mtu. Sisi tulimwona tu anaitikia: "Ndiyo. Ndiyo. Lakini binti hana kosa. Ndiyo."

Alipokata, alivuta pumzi. Tusibonyeze kitu, akatuambia. Tuache siku thelathini ziishe, maombi yafutike yenyewe. Taarifa ya kifo ataituma yeye. Halafu Dina aanze mazoezi upya chini ya msimamizi mwingine.

"Upya?" Dina akauliza. "Na mwaka nilioufanya?"

"Aliyeusimamia ndiye anayeweza kuuthibitisha."

"Lakini mngemuuliza mapema! Alikaa na simu mkononi miezi yote ile!"

Hana hakujitetea. Alisema, "Najua. Pole sana." Mara nyingi nimeambiwa pole na watu wa ofisi, lakini huyu macho yake yalikuwa yamelowa. Hata hivyo pole haikurudisha mwaka.

Akatuelekeza kwa mzee Nestori, mtu wa mifugo anayekaa Misunkumilo, mwenye mvi na pikipiki kuukuu. Alimjua Felisiani. Alikubali kabla Dina hajamaliza kueleza. Ila akasema mfumo haukubali mtu awe na wasimamizi wawili, kwa hiyo mpaka maombi ya zamani yafutike hawezi kumwandikisha. Ikabidi tusubiri kitu kitupotee ndipo tukianze tena.

Duka lilikuwa limefungwa tangu msiba, maana halina mwenye leseni. Dawa zilikuwa mle ndani, Dina alikuwa hapa nje na ujuzi wake, na katikati kufuli. Wafugaji wakaanza kununua dawa kwa watu wanaozunguka minadani na mabegi, wasiojua hata kipimo. Dina akisikia hivyo anauma midomo. Usingizi ukampungua, na chakula.

Katikati ya kusubiri huko simu ikaita tena. "Ndugu Felisiani, taarifa ya kifo chako imepokelewa na inashughulikiwa. Utajulishwa hatua inayofuata."

Nilimsomea Dina. Tukatazamana. Nikaanza mimi kucheka, naye akafuata, tukacheka mpaka tukashikana mabega, na sijui kicheko kiligeuka kilio saa ngapi. "Mama," akaniambia akijipangusa, "akijulishwa hatua inayofuata na sisi atuambie."

Siku ya mwisho ya zile thelathini, asubuhi, Manyanda alifika na mkokoteni wa punda. Ndani alikuwa amelala mtamba wake mwekundu, anahema kwa shida, tezi zimevimba chini ya masikio.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia, kisha akamgeukia Dina. "Felisiani, fungua duka. Ndigana hii ya kupe inamuua."

Dina alimpima mtamba kwa macho tu, mikono ameiweka nyuma. "Baba Manyanda, sina leseni. Siwezi kumchoma sindano."

"Leseni ya nini tena? Wewe si Felisiani? Nilikusalimia mbele za watu. Unga wangu mlikula!"

"Tulikula. Asante."

"Basi jina ni la kulia unga tu, la kazi halipo?"

Maneno yale yalimchoma. Mimi simu ilikuwa mfukoni mwa gauni, na ile moja bado ilikuwa inasubiri mpaka jioni. Dina alinitazama mfukoni, akajua nilichokuwa nafikiri, akatikisa kichwa.

"Nipe simu, Bibi. Siyo ya kubonyeza. Nampigia mzee Nestori."

Nestori alikuwa shambani anapura mpunga. Akasema, "Mwekeni kivulini, mpeni maji, nakuja." Manyanda akakaa juu ya gurudumu, na mimi nikampikia uji kwa sababu mwenye hasira naye ana njaa. Dina alikaa karibu na kichwa cha mtamba akimfukuzia nzi kwa kipande cha khanga. Alikuwa akimnong'oneza, na mkono wake wa kulia ulikuwa unakunjuka na kukunjika, kama unaotafuta sindano.

Nestori alifika jua limepanda, makapi ya mpunga bado yamemganda kwenye nywele. Alimpima mtamba joto, akasikiliza mapafu, akasema ni ndigana kali lakini hatujachelewa. Dawa alikuja nazo. Akavuta bomba la sindano, akahakikisha kipimo, halafu akamnyooshea Dina.

"Mkono wako, macho yangu," akasema. "Hiyo inaruhusiwa."

Dina alichoma shingoni, safi, na mtamba hata hakushtuka. Manyanda akanyanyuka kutoka kwenye gurudumu. "Huyo ndiye Felisiani ninayemjua," akasema, na ikawa ndiyo njia yake ya kuomba radhi.

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Nilisogea pembeni nikasoma. "Maombi ya Dina Felisiani yamefutwa kwa kukosa uthibitisho wa msimamizi." Jua lilikuwa hata halijazama. Nilisubiri Dina anawe mikono, aikaushe, anywe uji nusu bakuli, ndipo nikamwonyesha.

Alisoma. Akairudisha simu. Mwaka wake wote wa kuamka alfajiri na baba yake ulikuwa umeishia pale.

"Leo niandike, mzee?" akamuuliza Nestori. Sauti ilikuwa ndogo. "Iwe ndiyo mwanzo?"

"Hapana. Leo ni ya Felisiani. Ya kwangu tutaanza kesho."

Dina aliinamisha kichwa. Halafu akauliza tena, akikwangua bakuli kwa kijiko. "Na mwaka ukiisha, wakikuuliza, utajibu?"

"Nitajibu siku hiyohiyo." Nestori akawasha pikipiki, ikagoma, akaipiga teke tena ikawaka. "Ila nyie niombeeni nisife kabla hawajauliza."

Manyanda akacheka kwa sauti kubwa. Dina hakucheka, na mimi sikucheka. Nilimwendea Nestori pale juu ya pikipiki, nikamtoa makapi kichwani, nikamvalisha helmeti na kumfunga mkanda wake chini ya kidevu, nikauvuta kuona kama umekaza.